Fildi, intanshipu na kazi ukiwa bado chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimesimamia wanafunzi wanaokuja kazini kwa mafunzo. Kabla ya hapo nami nilikuwa mwanafunzi, nikizungusha barua ofisi hadi ofisi bila kujibiwa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na majibu yangu karibu yote yanarudi palepale: mwajiri haoni kilichomo kichwani mwako. Anachoona ni kazi uliyoimaliza, na anachosikia ni maneno ya waliokuona ukiifanya.

Fildi, intanshipu na kujitolea vina tofauti gani?

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya lazima, ni sehemu ya masomo. Chuo kinakupa barua, unajaza kitabu cha kumbukumbu za kila siku, msimamizi anakuja kukukagua na mwisho unapewa alama. Intanshipu unaitafuta mwenyewe, aghalabu wakati wa likizo au mara tu baada ya kuhitimu. Kujitolea ni kutoa muda wako kwa taasisi ambayo kwa kawaida haifanyi biashara.

Usizichanganye, kwa sababu katika nchi nyingi sheria nayo inazitenganisha. Ujerumani, kwa mfano, sheria ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika mwaka 2015 haiwahusu wanafunzi walio kwenye mafunzo ya lazima ya chuo. Haiwahusu pia waliojitafutia mafunzo yasiyozidi miezi 3 wakiwa masomoni, lakini wakiyapitisha muda huo wanaingia kwenye sheria. Ufaransa, anayefanya mafunzo kwa zaidi ya miezi 2 lazima alipwe posho. Kabla hujasaini chochote, uliza nafasi yako inaitwaje kwenye karatasi, kisha uisome sheria ya nchi uliyopo.

Nianze kutafuta lini?

Mapema kuliko unavyodhani. Kampuni kubwa hufungua maombi miezi mingi kabla ya likizo yenyewe, na wanaosubiri mitihani iishe hukuta milango imefungwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sisemi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanze kubisha hodi kila ofisi. Mwaka wa kwanza ni wa kujua fani yako inafanya kazi gani hasa huku nje, kujiunga na chama kimoja cha wanafunzi na kukifanyia kazi kweli, na kujifunza vizuri zana moja, iwe majedwali ya kompyuta, uandishi wa ripoti au lugha ya programu. Mwaka wa pili omba nafasi ndogo. Ukifika wa mwisho unakuwa na la kusimulia. Na kama uko mwaka wa mwisho na hujaanza, anza wiki hii, na chukua nafasi ndogo ambayo wenzako wanaiona haina hadhi.

Kila tangazo linataka uzoefu. Nitautoa wapi kama hakuna anayenipa nafasi?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na uchungu wenyewe ni wa haki. Ni tatizo la siku nyingi. Mwaka 1906 mhandisi na mwalimu Herman Schneider alianzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana: muda fulani darasani, muda fulani kiwandani. Walianza wanafunzi 27. Hoja yake ilikuwa kwamba yapo mambo ya uhandisi ambayo darasa haliwezi kuyafundisha, hata mwalimu awe hodari vipi. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianza mwaka 1957 kikiwa na mfumo huohuo, na hadi leo chuo hicho kinajulikana kwa mfumo huo.

Kama chuo chako hakina mpango wa namna hiyo, itabidi ujitengenezee. Uzoefu hauanzi siku unayopewa kitambulisho cha ofisi. Unaanza siku mtu mwingine anapoitegemea kazi yako. Mwanafunzi wa uhasibu aliyetunza hesabu za chama cha wanafunzi mwaka mzima na kuzisoma mbele ya mkutano mkuu ana uzoefu. Wa uandishi wa habari aliyefuatilia suala moja la chuo hadi akapata majibu kwa wahusika anao. Wa takwimu aliyemsaidia mhadhiri kusafisha data za utafiti anao, na huyo nina hakika alijifunza mengi, maana data chafu ni mwalimu mkali.

Upande wa kompyuta mlango uko wazi zaidi. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1991 alipotangaza kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo endeshi, akaomba maoni. Linux ilianzia hapo. Leo kuna mipango inayolipa watu kufanya kazi za programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuziboresha, wakiwa nyumbani: Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005, na Outreachy, inayowalenga hasa watu wanaobaguliwa au ambao ni wachache katika sekta hiyo. Kinachonipendeza Outreachy ni namna wanavyochagua. Mwombaji hutakiwa kwanza kuchangia kitu kwenye mradi wenyewe, na mchango huo una uzito mkubwa katika uamuzi.

Mkono mtupu haulambwi. Nenda na kitu, hata kiwe kidogo, ila kiwe kimekamilika. Miradi mitano uliyoiacha njiani haifikii mmoja uliofika mwisho.

GPA yangu si nzuri. Ndiyo basi tena?

Hapana. Baadhi ya taasisi huweka kiwango cha chini na hapo hakuna ujanja, tafuta kwingine. Zilizobaki huiangalia GPA pale tu zinapokosa kingine cha kuangalia. Ukiulizwa, sema ukweli kwa sentensi moja, kisha ueleze ulichofanya kujirekebisha.

Wasifu wangu uweje?

Ukurasa mmoja. Usiweke dini, kabila, hali ya ndoa wala jina la shule ya msingi, isipokuwa tangazo limetaka. Faili liwe na jina lako, kwa sababu nimeshapokea mafaili kadhaa yanayoitwa «wasifu mpya wa mwisho 2» na sikujua lipi ni la nani.

Tatizo kubwa ninaloliona ni watu kuandika vyeo badala ya kazi. Huu ni mstari wa aina ninayokutana nayo kila msimu wa maombi:

«Katibu wa klabu ya mazingira. Nilihusika na shughuli mbalimbali za klabu.»

Nimeusoma na sijui chochote. Nilipomwita aliyeuandika na kumuuliza wiki yake ilikuwaje, tulifika hapa:

«Katibu wa klabu ya mazingira. Niliandaa na kusambaza mihtasari ya vikao 14, nikatengeneza orodha ya wanachama 120 kwenye kompyuta badala ya daftari, na nikaandika barua iliyotupatia miche 300 ya kupanda chuoni.»

Ni mtu yuleyule, na klabu ni ileile. Sasa najua anaandika, anapangilia, na akiomba kitu hupewa. Hakuongeza uongo hata chembe. Tulichofanya ni kuhesabu. Kwa kila mstari wa wasifu wako jiulize: vingapi, kwa muda gani, na nini kilibadilika?

Zingatia pia kwamba kampuni nyingi kubwa hupitisha wasifu kwenye programu za kuchuja kabla haujasomwa na mtu. Mapambo, picha na majedwali huzichanganya programu hizo. Tumia mpangilio wa kawaida, na kama tangazo linasema «uchambuzi wa data» nawe unaujua, andika maneno hayohayo.

Bila koneksheni mtu anapata kweli?

Anapata. Lakini ni vizuri kuelewa koneksheni ni nini, kwa sababu wengi hudhani ni kuwa na mjomba mkurugenzi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu mno. Aliwauliza wataalamu na mameneja waliopata kazi kupitia watu kwamba wakati ule walikuwa wakionana na watu hao mara ngapi. Asilimia 16.7 tu walipewa taarifa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Maelezo yake yanaingia akilini: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali kidogo ndiye mwenye habari ambayo haijakufikia. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, nayo yakaelekea hukohuko: watu mnaofahamiana kiasi, si wa karibu sana wala wa mbali kabisa, ndio waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya.

Kwa mwanafunzi hii ni habari njema. Waliokutangulia chuoni kwa miaka miwili mitatu, fundi wa maabara, mhadhiri wa somo moja ulilolipenda, mtu uliyekaa naye kwenye semina, hao ndio koneksheni zako, na hakuna aliyezaliwa nazo. Ila usisubiri hadi uwe na shida ndipo uwakumbuke. Mtu alikupa ushauri na ukakufaa? Mwandikie umwambie ulivyokufaa. Ni wachache wanaofanya hivyo, na anayefanya hasahauliki.

Nimwandikie nini mtu nisiyemjua?

Andika kwa ufupi, kwa heshima, na uombe kitu ambacho ni rahisi kukubali. Kumwomba mtu kazi kwenye ujumbe wa kwanza ni kumbana. Dakika 15 za maongezi watu wengi hutoa. Kwa mfano:

«Habari za kazi, Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, uhandisi wa maji. Nilisikiliza mada yako kuhusu upotevu wa maji kwenye mabomba, nikajaribu kupiga hesabu zako kwa mtandao wa maji wa chuo chetu. Nimekwama mahali pamoja: sijui mnapimaje upotevu wa usiku. Naomba, ukipata nafasi, dakika 15 kwa simu wiki hii au ijayo. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa nilichofanya. Asante kwa muda wako.»

Hapo hakuna kujikomba wala maneno ya «mimi ni kijana mchapakazi mwenye ari». Kuna swali la mtu aliyekwishajaribu. Asipojibu baada ya wiki moja au siku kumi, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili, halafu mwache.

Naruhusiwa kutumia akili mnemba kuandika barua ya maombi?

Itumie kukusahihisha, usiitumie kukusemea. Barua zilizoandikwa nayo mwanzo hadi mwisho zinafanana mno, na ukisoma thelathini kwa siku moja unazitambua kwenye aya ya kwanza. Tena hupenda kukupamba kwa ujuzi usio nao, na ujuzi huo ndio utakaoulizwa kwenye usaili. Andika rasimu kwa mkono wako hata iwe mbovu, kisha iulize ni wapi haieleweki.

Najiandaaje kwa usaili?

Andaa visa vitano vya kweli kutoka maisha yako: ulipokosea, ulipogombana na mwenzako wa kikundi, ulipomaliza jambo gumu, ulipojifunza kitu upesi, ulipoongoza. Kila kisa kipangilie hivi: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawaje. Karibu kila swali la «tuambie kuhusu wakati ambapo…» litaangukia kwenye kimojawapo. Visimulie kwa sauti, mbele ya mtu. Kisa kinachoonekana kizuri kichwani mara nyingi huchukua dakika sita kutoka mdomoni, na unatakiwa dakika mbili.

Sema «nilifanya» pale ulipofanya wewe. Wanafunzi wengi waliolelewa vizuri husema «tulifanya» kila mahali kwa kuogopa kujisifu, na msaili anabaki hajui mchango wao ni upi. Kutaja kazi yako si majivuno.

Usipojua jibu, sema hujui, kisha eleza ungeanzia wapi kulitafuta. Nimewahi kumchukua binti mmoja kwa jibu la aina hiyo, nikamwacha aliyekuwa akijibu kila kitu kwa kubahatisha.

Nimetuma maombi mengi, kimya. Nakosea wapi?

Pengine hukosei. Kukataliwa ni sehemu kubwa ya shughuli hii, na ukimya ni namna ya kukataliwa iliyo mbaya zaidi, kwa sababu haikufundishi chochote. Ndiyo maana nasisitiza uweke jedwali: tarehe, mahali, nafasi, wasifu gani ulituma, nini kilitokea. Baada ya maombi 20 liangalie. Kama huitwi kabisa, tatizo liko kwenye wasifu au kwenye aina ya nafasi unazoomba. Kama unaitwa lakini hupiti, fanyia kazi usaili. Bila jedwali mtu hujiona hafai kwa ujumla, na hisia hiyo inaumiza bila kumsaidia.

Tazama pia unakotafuta. Nafasi zilizotangazwa kila mahali zina waombaji maelfu. Ofisi ya watu kumi isiyotangaza popote pengine inahitaji mtu wiki ijayo.

Nikubali nafasi isiyolipa?

Hapa sitajifanya nina jibu la kila mtu. Intanshipu isiyolipa huwachuja watu kwa uwezo wa wazazi wao, na hilo linaniudhi. Hata Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, ambayo intanshipu zake huchukua miezi 2 hadi 6, haiwalipi wanafunzi wake. Nauli, malazi na viza ni juu ya mwanafunzi. Baadhi ya mashirika katika familia hiyohiyo hulipa posho, kwa mfano Shirika la Kazi Duniani, na Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2020. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la taasisi, soma masharti ya kila nafasi.

Kipimo changu ni hiki: kuna mtu aliyepangwa kukufundisha? Utatoka na kazi unayoweza kuionyesha? Kuna tarehe ya mwisho? Je, utaweza kula na kulipa nauli bila kukopa? Jibu la «hapana» likitokea zaidi ya mara moja, muda wako utumie kwingine. Na wanaosema «jitolee kwanza, baadaye tutaona» waombe waandike hiyo «baadaye» ni lini.

Nimepata nafasi, lakini kazi yangu ni kutoa kopi tu.

Nakuelewa, yalinikuta. Nafasi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni ambayo hakuna aliyejua kwamba nakuja. Nilipewa kiti karibu na mashine ya kopi, na kwa wiki tatu ikawa kazi yangu. Nilinuna, nikahesabu siku. Wiki ya nne, kwa uchovu tu, nikaanza kusoma nilichokuwa nakitoa kopi, zile ripoti za matengenezo. Nikaona mashine moja inatajwa karibu kila wiki. Nikazipanga tarehe zake kwenye karatasi moja, nikampelekea fundi mkuu na kumuuliza kwa nini. Aliitazama karatasi muda mrefu, akavuta kiti, akanieleza kwa nusu saa. Kuanzia kesho yake nikawa natembea naye.

Bado nasema kampuni ile ilikosea, na mwanafunzi hapaswi kuokoa mafunzo yake mwenyewe. Lakini usinune wiki tatu kama mimi. Wiki ya kwanza mwombe msimamizi dakika kumi, mwulize: mwisho wa muda wangu ungependa niwe nimekamilisha nini? Kama hana jibu, pendekeza wewe. Hali isipobadilika, mwambie msimamizi wa chuo mapema, si siku ya ukaguzi.

Nitawezaje kazi na masomo kwa pamoja?

Linda mitihani. Panga saa za kazi baada ya kupata ratiba ya masomo, si kabla, na mwambie mwajiri tarehe za mitihani siku ya kwanza. Anayekasirika kwa kuambiwa hivyo amekupa taarifa muhimu kumhusu. Usingizi ukianza kukatwa wiki baada ya wiki, punguza kazi.

Nitajuaje kama tangazo ni la matapeli?

Ukiombwa pesa, ondoka. Iwe «ada ya fomu», «ya mafunzo» au «ya sare», mwajiri wa kweli hakutozi ili akuajiri, na Umoja wa Mataifa wenyewe unasema wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Tilia shaka pia barua pepe isiyotoka kwenye anwani ya taasisi, kazi uliyopewa bila usaili, na anayetaka nakala ya kitambulisho au namba za benki kabla ya mkataba. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti rasmi, si ile iliyo kwenye tangazo.

Kuna jambo zito kuliko utapeli. Mtu akikudai rushwa ya ngono ili akupe nafasi, alama au barua, hilo si kosa lako na hujalisababisha kwa mavazi wala kwa upole wako. Hifadhi jumbe zote, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, kisha dawati la jinsia la chuo au polisi. Una haki ya kuiacha nafasi hiyo hata katikati, na msimamizi wa chuo anapaswa kukutafutia nyingine.

Nimefanya fildi na nimegundua sipendi kazi hii.

Umegundua mapema, kwa gharama ya wiki chache. Ila tenganisha: unachukia kazi yenyewe, au ofisi ile na bosi yule? Jaribu sehemu ya pili kabla ya kubadili kozi.

Nifanye nini kabla ya kuondoka?

Wiki ya mwisho omba mambo matatu. La kwanza, ruhusa ya kuonyesha sehemu ya kazi yako, kwa sababu nyaraka za ofisi si zako na kuzibeba kimyakimya kunaweza kukuponza. La pili, tathmini ya mdomo: nilifanya nini vizuri, na nini nirekebishe? Sikiliza bila kujitetea. La tatu, barua ya utambulisho, pamoja na idhini ya kumtaja msimamizi kama mdhamini wako. Iombe akiwa bado anakumbuka. Mwaka mmoja baadaye mtu hunipigia akitaka barua, nami nafungua daftari langu kutafuta alifanya nini, nakuta jina na tarehe tu. Kwa hiyo mpelekee mwenyewe karatasi yenye mistari mitano ya ulichokamilisha. Mimi ninayepelekewa karatasi hiyo huandika barua siku hiyohiyo.